Nafundisha shule iliyo ndani ya mahabusu ya watoto, California. Ulizeni (wazazi mlio huku, someni mpaka chini)

#1 Mwalimu_wa_Penseli

Wakuu, habari za humu.

Mwezi uliopita kulikuwa na ubishi kwenye uzi mmoja kuhusu watoto wanaokamatwa na polisi Marekani. Mmoja akasema wanachanganywa na watu wazima, mwingine akaapa kwamba wanapelekwa bwenini kula kuku. Nilitaka kujibu palepale nikaona nitaandika gazeti. Basi gazeti lenyewe hili hapa.

Mimi ni mwalimu ndani ya mahabusu ya watoto, jimbo la California. Kaunti siitaji, na watoto nitakaowagusia nimewabadilisha umri na mambo mengine makusudi asije akajulikana mtu. Huku nilikuja kwa ndoa. Kabla ya hapo nilifundisha Hisabati na Fizikia sekondari ya kata kule Kilosa. Nikasoma upya kupata leseni ya ualimu ya huku, nikaanza kazi ya kujazia nafasi za walimu wanaoumwa. Asubuhi moja nikapigiwa simu: nafasi iliyobaki ni mahabusu tu, wenzako wote wamekataa. Nikaenda. Mwaka wa sita huu.

Mfumo wenyewe uko hivi. California ina kaunti 58 na kila kaunti ina ofisi yake ya elimu. Mtoto akiwa ndani kwa amri ya mahakama, kitanda, chakula na ulinzi ni vya idara ya uangalizi, ile inayosimamia wenye kesi kwa niaba ya mahakama (Wakenya wanaita probesheni), ila shule ni ya ofisi ya elimu. Kwa hiyo mimi na askari wa zamu tunakaa chumba kimoja, kila mtu na bosi wake. Hizi ndizo shule za mahakama. Zina ndugu zake, shule za jamii za kaunti, ambazo ziko mtaani na mtoto analala kwao. Huko wanapelekwa waliofukuzwa shule za kawaida, watoro sugu, na walio chini ya uangalizi. Wapo watoto wanazunguka baina ya hizo mbili kama daladala ya Gongo la Mboto: ndani, mtaani, ndani, mtaani.

Darasani nina penseli 12. Fupi kama zile za wacheza gofu, hazina kifutio wala kile kichuma cha juu. Nazigawa nikihesabu, nazikusanya nikihesabu. Ikipungua moja hakuna kutoka mpaka ionekane. Kuna siku ilipungua, askari wakapekua kila mtu, wakainua meza, wakapekua tena. Dakika 40. Ilikuwa sikioni mwangu.

Darasa ni moja lakini ndani yake kuna mtoto wa miaka 13 na kijana wa 18, wa darasa la saba na wa darasa la kumi na mbili. Sheria inataka wasome dakika 240 kwa siku. Kuta, kufuli na hasira zao nimevizoea. Kinachonishinda mpaka leo ni kalenda. Sijui kesho nitamkuta nani. Huyu anakaa siku tatu, yule miezi minne, mwingine anaitwa mahakamani saa nne asubuhi katikati ya swali la pili na harudi. Ile kozi yako ya wiki kumi na mbili, mada inajengwa juu ya mada, sahau. Nimejifunza kufundisha somo linaloanza na kuisha siku hiyohiyo, mtoto atoke na kitu kimoja kizima mkononi. Mlinganyo wa mstari nautolea kwenye nauli ya teksi: hela ya kupanda, jumlisha hela ya kila maili. Akiondoka leo, ameondoka na hicho.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

#2 Chaga_Pungufu

Sikioni 😂😂😂 Dakika arobaini watu wanapekuliwa soksi na mwalimu katulia kama hayupo. Weka nyama mkuu, nimeshika kiti.

#3 Baba_Tandahimba

Mleta uzi, nisamehe nitasema kama kilivyo. Mtoto kavunja gari la watu, kapora simu, zawadi yake ni mwalimu wa Fizikia na dakika 240 kwa siku. Binti yangu kidato cha tatu hajapata mwalimu wa Hisabati tangu Januari. Wazazi tumechangishana hela ya korosho tukamweka kijana wa kujitolea, naye kaondoka mwezi wa tano kapata kazi benki. Na wewe uliyekuwa unafundisha sekondari ya kata umeenda kuwafundisha wezi wa Wamarekani. Hongera.

#4 Mwalimu_wa_Penseli

@Baba_Tandahimba hapo pa sekondari ya kata umenichoma, na sina jibu. Pale nilipotoka walikaa mwaka na nusu bila mtu wa Fizikia. Najua kwa sababu wanafunzi wenyewe waliniandikia.

Ila kwenye "wezi" subiri kidogo. Sehemu kubwa ya ninaowafundisha kesi zao hazijaisha. Mahabusu ni pa kungojea, kama rumande. Huyu jaji atamwona hana kosa, yule atarudishwa kwao na masharti. Na jimbo hili elimu ni lazima kuanzia miaka 6 hadi 18. Sheria haikuandika "isipokuwa aliye nyuma ya ukuta". Karibu wote watatoka, tena wengi ndani ya wiki chache, na watakaa mtaa uleule waliotoka. Anayetaka wakae bure wakitazamana mle ndani aje aone Jumapili ya mvua inavyokuwa, siku ambayo hakuna shule. Ngumi za wiki nzima zinapigwa siku hiyo.

#5 Wakili_wa_Zege

Nichomeke kidogo upande wa sheria. Mahakama ya watoto ya kwanza Marekani ilianza Chicago mwaka 1899, na wazo lake lilikuwa kwamba jaji awe kama mzazi: asiadhibu, arekebishe. Zuri kulisikia. Ila mzazi huyo hakuwa na wa kumhoji. Mwaka 1964 kule Arizona kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alishtakiwa kwamba alimpigia jirani simu ya matusi. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa dola 5 mpaka 50, au jela isiyozidi miezi miwili. Gault akapewa mpaka atimize miaka 21, yaani karibu miaka sita. Hakuwa na wakili, na yule mama aliyelalamika hakufika hata siku moja. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mtoto naye ana haki ya wakili, ya kuambiwa tuhuma zake, ya kuhoji mashahidi na ya kukaa kimya.

Na alikopelekwa mnajua paliitwaje? Shule. Shule ya Viwanda ya jimbo. Kwa hiyo nikisikia "shule ya mahakama" huwa nauliza kwanza: mwalimu yupo, au neno tu?

#6 Mama_wa_Fizi

Mwalimu jambo. Kiswahili yangu ni ya Kivu, munisamehe. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukakuja huku California, ni miaka saba sasa. Mutoto wangu wa miaka 16 eko ndani, juma tano. Jije alisema watamutosha juma ijayo. Nilienda kwa masomo yake ya zamani, mwanamuke wa ofisi akaniambia hakuna nafasi, nimupeleke kwa ile shule ya kaunti ya batoto ya makosa. Ati na krediti za ndani hawazijui. Mimi sielewi krediti ni nini. Mutoto ndiye alikuwa ananitafsiria barua zote, na sasa eko ndani. Nifanye nini?

#7 Mwalimu_wa_Penseli

@Mama_wa_Fizi pole sana mama. Umekuja mahali pake, kwa kweli hii ndiyo sababu niliandika "someni mpaka chini". Nitakueleza taratibu, na wengine walio huku wasome pia.

Krediti ni kipimo cha masomo aliyomaliza. Kwa kawaida somo moja kwa nusu mwaka wa shule ni krediti 5. Mtoto akikusanya za kutosha anapewa diploma (wa nyumbani msichanganye: huku diploma ya sekondari ni cheti cha kumaliza darasa la kumi na mbili). Mwanao amekaa ndani juma tano akisoma kila siku. Hakumaliza nusu mwaka, lakini amesoma sehemu yake, na sehemu hiyo ina hesabu: krediti moja na kitu kwa kila somo. Sheria ya California inailazimisha shule ya ndani kuziandika na shule ya nje kuzipokea. Yule mama wa ofisini kusema "hatuzijui" ni kwamba hajaziona kwa macho. Dawa yake ni karatasi.

Kwa hiyo piga simu mahabusu kesho asubuhi, usiongee na askari, sema unataka shule. Wakikuunganisha omba mpango wa mpito wa mwanao. Akikaa ndani zaidi ya siku 20 za masomo mfululizo, ofisi ya elimu ya kaunti inawajibika kumtengenezea mpango huo: anakwenda shule gani, ana krediti ngapi, nani anamfuatilia. Juma tano ni siku kama 25. Amevuka. Waambie unataka nakala mkononi mwako, isitumwe shuleni peke yake. Mimi nimeshuhudia bahasha ya mtoto ikikaa wiki tatu juu ya kabati kwa sababu karani mmoja alikuwa likizo, na mtoto amekaa nyumbani wiki hizo zote akicheza gemu, ya nne akakamatwa tena.

Pili, shule yake ya zamani. Hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu tu alipitia mahakamani. Hiyo imeandikwa kwenye Sheria ya Elimu ya jimbo, kifungu 48645.5. Iandike namba hiyo kwenye kiganja kama zamani tulivyoandika fomula. Usibishane, usilie, sema tu: "Nipe kwa maandishi kwamba mnamkataa." Aghalabu kiti kinapatikana hapohapo. Sisemi shule za jamii za kaunti ni mbaya, nimefanya kazi kwenye moja miezi minane na kuna watoto walipona pale, darasa la watu kumi na wawili, mwalimu anajua jina la bibi yako. Lakini aende kwa sababu mmekaa mkaona inamfaa, isiwe kwa sababu karani kamwonea aibu.

Tatu, mkalimani. Mwanao asikutafsirie kikao kinachomhusu mwenyewe. Nilikaa kwenye kikao kimoja, baba kutoka Uvira, mwalimu mkuu anasema "hajafika shule siku 31", mtoto anamgeukia baba: "Anasema niko vizuri ila niongeze bidii." Mzee akatabasamu, akampa mwalimu mkuu mkono. Mimi ndani ya chumba kile nilikuwa sijatambulishwa kwamba naongea Kiswahili. Mahakamani mkalimani ni bure, na kwenye vikao vya elimu maalumu shule inawajibika kumleta. Omba mkalimani wa Kiswahili, na useme ni cha Kongo, maana waliwahi kuniletea Mmombasa akawa anabishana na mama mmoja wa kutoka mji wa Baraka kuhusu neno "kutosha" (kwenu ni kutoa, kwake ni kuwa ya kutosha).

Na jambo la mwisho, ambalo wazazi wetu hawaambiwi: mtoto kufungwa hakukuondolei haki yako juu ya elimu yake. Jaji akitaka kuipunguza lazima atamke hivyo na amteue mtu mwingine. Kama hakutamka, saini ni yako. Usisaini usichokielewa.

#8 mtu_wa_Mwea

Salamu kutoka Kirinyaga. Hii maneno ya "shule ambayo si shule" tunaijua sana hapa. Wamumu iko karibu na kwetu. Ilianzishwa wakati wa Dharura, miaka ya 1950, serikali ya mkoloni ikiweka vijana waliokamatwa kwa mambo ya Mau Mau. Guka (babu) alikuwa akisema waliingia na nambari wakatoka na ufundi. Wengine walitoka mafundi wazuri kabisa, hilo lazima nilisema. Mpaka leo ni shule ya kurekebisha tabia.

Swali langu kwa mwalimu: huko mtoto anaanza kushtakiwa akiwa na miaka mingapi? Sisi Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha ikawa 12.

#9 Mwalimu_wa_Penseli

@mtu_wa_Mwea California pia ni 12, tangu 2019, isipokuwa makosa mazito mno kama kuua na kubaka. Kabla ya hapo hakukuwa na umri wa chini kabisa. Wa bara Tanzania bado ni 10, mwanasheria hapo juu atanisahihisha.

#10 Wakili_wa_Zege

Ni sahihi, 10. Na kati ya 10 na 12 upande wa mashtaka lazima uoneshe kwamba mtoto alikuwa na uwezo wa kujua anachofanya ni kosa.

#11 Nyanda_za_Juu

Nimefanya kazi ustawi wa jamii Mbeya, nimestaafu. Irambo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa shule pekee ya maadilisho (ya kurekebisha watoto waliopatikana na hatia) nchini, na ni ya wavulana. Mtoto anatoka Tanga au Mtwara analetwa Mbeya, siku mbili barabarani. Mzazi wa Newala atakuja kumtembelea mara ngapi? Mahabusu zenyewe za watoto tulikuwa na Dar, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya, basi. Mikoa mingine mtoto anaangukia kituo cha polisi au rumande ya wakubwa.

Ninachokiona kwenye maelezo ya mwalimu ni kwamba shida ni ileile japo wao wana hela. Mtoto mmoja niliyekuwa namsimamia kazini alimaliza muda wake Irambo anasoma vizuri, ana ufundi seremala. Tukamrudisha kwao. Mwalimu mkuu wa huko akauliza, "Uhamisho wake uko wapi?" Uhamisho haukuwepo. Darasa la sita lile, akiwa na miaka 16, akaambiwa aanze upya la tano. Alikaa siku nne.

#12 Chaga_Pungufu

@Nyanda_za_Juu siku nne... Mzee shikamoo. Sasa hivi yuko wapi?

#13 Nyanda_za_Juu

Marahaba. Anatengeneza vitanda Mafinga. Nina kimoja chake nyumbani. Kusoma hakurudi.

#14 Baba_Tandahimba

Nimerudi. Nimesoma yote, na nimemwelewa huyo mama wa Kivu, Mungu amsaidie. Ila mwalimu, unaziabudu karatasi mno. Nimeingia intaneti nikakuta kesi ya huko huko kwenu, Los Angeles, kambi inaitwa Challenger. Kijana kapewa diploma ya sekondari hajui kusoma wala kuandika! Karatasi si hiyo, anayo? Ikamsaidia nini?

#15 Mwalimu_wa_Penseli

@Baba_Tandahimba umechimba mahali penyewe. Watu wasioijua: Challenger ilikuwa kambi ya kufungia vijana ambao jaji ameshaamua kesi zao, kule Lancaster, jangwani, kaskazini mwa Los Angeles. Ilipewa jina la kile chombo cha anga kilicholipuka mwaka 1986, na shule iliyokuwa ndani ikaitwa Christa McAuliffe, yule mwalimu aliyekufa ndani ya chombo hicho. Januari 2010 shirika la haki za raia, ACLU, likaishtaki ofisi ya elimu ya kaunti pamoja na mkuu wa uangalizi. Kati ya mambo yaliyolalamikiwa lilikuwa hilo la diploma kwa kijana asiyejua kusoma. Wakapatana mwaka 2011, wataalamu wa nje wakaingizwa kuinyoosha shule. Kambi ile imeshafungwa.

Fikiria, shule ina jina la mwalimu aliyekubali kurushwa angani ili akafundishe akiwa huko, halafu ndani yake mtoto anapita hadi mwisho bila mtu kumsikiliza akisoma ukurasa mmoja kwa sauti.

Kwa hiyo ndiyo, karatasi inaweza kudanganya. Mimi mtoto akifika, siku ya kwanza hata faili sifungui. Nampa aya moja tukae pembeni anisomee kwa sauti ya chini. Faili litasema darasa la kumi, masikio yangu yanasikia la pili. Ninao hao, na si wachache. Wamejifunza kuficha kwa ufundi wa ajabu: anagombana dakika moja kabla ya zamu yake ya kusoma ili atolewe nje. Ukiona mtoto anatukana kila tukifungua kitabu na hatukani kwenye Hisabati, huyo hana matatizo ya tabia.

Mmoja, tumwite wa miaka 17, alikataa kila kitabu nilichomletea. Hadithi za wanyama alizitupa chini, na alikuwa na haki, maana ni kitabu cha mtoto wa miaka saba unampa mwanaume mwenye ndevu mbele ya wenzake. Nikamletea kile kijitabu cha serikali cha kusomea leseni ya udereva, kinagawiwa bure. Kila kijana mle ndani anataka leseni, hakuna aliyemcheka. Tukaanza na alama za barabarani, neno moja moja, herufi kwa herufi, kimyakimya, dakika 20 kila siku. Baada ya wiki tano alikuwa anasoma ukurasa wa makutano ya barabara peke yake, polepole, kidole chini ya mstari. Jumanne moja nikakuta kiti kitupu. Amepelekwa kambini usiku. Kijitabu kilibaki kwenye droo yangu. Nilikituma kwa njia ya ofisi pamoja na barua kwa mwalimu wa huko: "Msianze upya. Yuko ukurasa wa 38."

Sasa hiyo barua ni nini, baba? Si ni karatasi? Karatasi ninayoitetea ndiyo hiyo, inayosema ukweli mtoto alipofikia. Bila hiyo yule mwalimu wa kambini atampa tena hadithi ya sungura, itatupwa chini, na faili litaandikwa "mkaidi".

#16 Baba_Tandahimba

Ukurasa wa 38. Sawa, mwalimu. Nimekuelewa. Ila hisabati ya binti yangu bado iko palepale.

#17 Mwalimu_wa_Penseli

Nitumie ujumbe wa faragha. Jumamosi saa mbili usiku kwenu huku ni asubuhi, nina saa moja. Aje na daftari na penseli, hata ndefu.

#18 Pwani_Sacramento

Mwalimu, hujamalizia kuhusu zile krediti. Nilisikia watoto wa mahakama wanahitaji krediti chache kumaliza sekondari kuliko wengine. Kweli? Na wakifika 18 bado wako ndani inakuwaje?

#19 Mwalimu_wa_Penseli

@Pwani_Sacramento kweli, lakini ina masharti. Wilaya nyingi za shule (huku shule za kawaida zinaendeshwa na wilaya za shule) zinadai krediti 200 na ushee. Kiwango cha chini cha jimbo ni masomo ambayo jumla yake inakuja 130. Mwanafunzi wa shule ya mahakama aliyehama baada ya kumaliza mwaka wa pili wa sekondari, na ikaonekana hawezi kutimiza madai yote ya wilaya kwa wakati, anaweza kusamehewa ziada akamaliza kwa 130. Au akachagua kukaa mwaka wa tano atimize zote. Shule inatakiwa kumjulisha ndani ya siku 30 tangu aandikishwe.

Wazazi wetu wakisikia "130" wanashangilia. Ngojeni. Vyuo vikuu vya jimbo vina orodha yao ya masomo, Hisabati miaka mitatu, lugha nyingine miaka miwili na kadhalika, na 130 haifiki huko. Mlango unaobaki ni chuo cha jamii, ambacho kinapokea kila mwenye diploma, halafu baada ya miaka miwili unahamia chuo kikuu. Njia nzuri, na mimi ningemshauri kijana wa miaka 17 mwenye krediti 90 aichukue leo. Wa miaka 15 ningemwambia asubiri.

Wanaovuka 18: zamani makosa mazito walipelekwa magereza ya vijana ya jimbo. Hayo yalifungwa tarehe 30 Juni 2023, kazi yote ikarudi kwenye kaunti. Sasa tuna vijana ndani wa miaka 20, wengine hata 24. Na tangu sheria ya 2019, aliyemaliza sekondari akiwa ndani lazima awekewe njia ya masomo ya chuo, hata kwa intaneti. Kaunti ya San Mateo walitangulia, chuo chao cha jamii kilipeleka wahadhiri ndani ya mahabusu kabla ya sheria kuwalazimisha. Kwetu ni kompyuta ndogo zenye intaneti iliyochujwa mpaka kamusi wakati mwingine inakataa kufunguka. Neno "shambulio la moyo" liliwahi kuzuiwa kwenye somo la Baiolojia kwa sababu lina "shambulio".

#20 mtu_wa_Mwea

😂 Ati shambulio. Hiyo filta imetoka kwa shule ya dada yangu.

#21 Mama_wa_Fizi

Mwalimu, nimerudia. Mutoto alitoka siku ya tatu. Nilipiga simu kama ulisema, nikauliza shule. Mwanaume mumoja wa pale akanitumia karatasi, kurasa ine. Nikaenda kwa masomo ya zamani na ndugu ya kanisa mwenye anajua Kingereza. Yule mwanamuke akasema tena hakuna nafasi. Nikamwambia aniandikie. Akaingia ndani, akakawia, akatoka na mwanaume mwingine, akasema mutoto aanze kesho.

Ila kwa karatasi iko krediti ya Kingereza, ya Historia, ya mazoezi. Ya Hisabati haiko. Mutoto anasema alisoma Hisabati kila siku.

#22 Mwalimu_wa_Penseli

Mama, hongera. Kweli hongera.

Hisabati ipo mahali. Mara nyingi mwalimu wa somo hilo alikuwa wa kujazia na hakufunga hesabu zake kabla mtoto hajatoka. Mpigie yuleyule aliyekutumia kurasa nne, muulize nani aliandika mahudhurio ya Hisabati kwa wiki hizo tano, halafu omba karatasi irekebishwe na itumwe tena, nakala kwako. Piga kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Baada ya hapo tunakuwa madarasani na simu tumezifungia kwenye sefu getini.

#23 Mama_wa_Fizi

Aksanti. Nimeandika: mbele ya saa mbili na nusu.